Apdeti yaja, wateja utawaambiaje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tuko watu watatu, tuna sistimu ya mauzo na stoki, yatumiwa na maduka ya jumla na makemisti kama sitini hivi, mengi hapa Mombasa, Kongowea, Majengo na Mwembe Tayari, mengine Mtwapa na Ukunda. Mwezi ujao tuna mabadiliko matatu kwa mpigo. Kila keshia atakuwa na akaunti yake badala ya PIN moja ya duka zima, simu za Android za zamani sana hazitafanya kazi tena, na wateja wawili waliounganisha sistimu zao na yetu kwa API (njia ya programu moja kuongea na nyengine) itabidi wabadilishe upande wao manake ankara zitatoka kwa mpangilio mpya. Mara ya mwisho tulituma imeili nzuri tu, "tumeboresha huduma zetu", kesho yake simu hazikunyamaza mpaka adhuhuri na wateja wawili wakahama. Nifanyeje watu wafahamu bila kukasirika? Niandike Kizungu ama Kiswahili? Na nianze kwa kuomba radhi kwa ile ya mwanzo?

JIBU: Marahaba mamangu. Ile imeili yenu naiona hata bila kunitumia, na shida yake haikuwa adabu wala lugha, shida ni kwamba ilisimulia kazi yenu nyinyi. Tumeboresha, tumeongeza, tumesafisha. Mtu wa Likoni akisikia feri moja imetolewa kwenda kutengenezwa hana haja ya kujua injini imefunguliwa vipi, ataka kujua kesho aondoke nyumbani saa ngapi awahi kazini. Keshia wa Kongowea ndo huyo huyo. Asubuhi ana foleni mbele yake, mmoja ashatoa pesa, mwengine amuonyesha meseji ya M-Pesa, mwengine ataka risiti ya eTIMS, ile ya mamlaka ya kodi, yenye PIN ya kodi ya kampuni yake, na nyinyi hapo katikati mwamletea habari za mlivyokesha mkifanya kazi. Hana nafasi nazo, na ana haki.

Kwa iyo kila badiliko ligeuze ulitazame kutoka kwenye kaunta. Kesho mkono wa huyu mtu utafanya nini tofauti na jana? Jibu la hapo ndo meseji yenyewe, mengine yote ni nyongeza. Anayepokea ana maswali yake na yako hivi hivi kila mara: hii yanihusu mimi? nifanye nini? mwisho lini? nisipofanya itakuwaje? nikikwama nimuite nani? Ukijibu hayo kwa mpangilio huo huo umemaliza sehemu kubwa ya kazi. Sababu ya badiliko iweke pia, sentensi moja ama mbili, lakini iwe ya kweli. "Ili kukuhudumia vizuri zaidi" si sababu, watu wameisikia kila mahali kuanzia benki mpaka kwa mwenye nyumba akipandisha kodi, na wakiisoma tu wajua kuna jambo wafichwa.

Sasa tuje kwa hayo yako matatu, na hapa nakuomba unisikilize vizuri. Usiyatie kwenye meseji moja. La akaunti lagusa kila mtu, la simu za zamani lagusa maduka machache, la API lagusa watu wawili tu. Ukiyachanganya, mtu wa kemisti ya Mtwapa ataanza kusoma habari za API, aone si zake, aiache meseji yote pamoja na ile sehemu iliyokuwa yake. Tena mimi ningeenda mbele zaidi, nisingeyafanya mwezi mmoja kabisa. Siku mambo yakikwama (na kitu kitakwama tu, hata kidogo) hutajua ni lipi kati ya matatu limeleta shida, na mteja naye hatajua akuulize nini, atasema tu "sistimu yenu haifanyi", na nyinyi mko watu watatu.

Kabla hujaandika hata neno moja pata orodha ya nani ataguswa na nini. Hii ndo kazi watu wengi wairuka manake yachosha, wakimbilia kutuma kwa wote ili wawe wametuma. Seva yenu kila ikiongea na simu ya duka yaweza kuandika toleo la programu na toleo la Android la ile simu, kama hamuandiki anzeni leo, kazi yake si kubwa. Google Play nayo itawaonyesha kwa jumla watumiaji wenu wako kwenye matoleo gani ya Android lakini haitawaambia ni duka gani, na wewe wataka kujua duka. Ukipata orodha utaona pengine ni maduka manane ama kumi yenye simu za zamani, na maduka manane hayatumiwi tangazo, yapigiwa simu moja moja, na yale ya mjini mwaenda kwa miguu.

Na ukimpigia usimwambie "Android sita kurudi chini hatutaisaidia tena", yeye hajui ana Android ngapi na si kazi yake kujua. Wewe ushaona kwenye seva, kwa iyo mwambie moja kwa moja: zile simu mbili za dukani kwako, moja ni sawa, ile ya zamani haitaweza kuuza kuanzia tarehe fulani. Hapo anajua ni ile ya kaunta ya nyuma, hata kabla hujamaliza sentensi. Halafu fikiria pesa. Wewe unamtaka atoe pesa za simu mpya ambazo hakuzipangia, na duka dogo halina pesa za ghafla, mwisho wa mwezi kuna kodi ya nyumba, kuna mshahara wa kijana, kuna deni la stoki. Mwezi mmoja hautoshi. Mpe angalau miisho ya mwezi mitatu apite nayo, na katikati hapo ile simu ya zamani iendelee kuuza kama kawaida hata kama haipati vitu vipya. Kama mna njia ya yeye kuuza kupitia kivinjari bila kununua simu, hilo liseme mwanzo kabisa, usilizike chini.

Tarehe peke yake pia haimsogezi mtu, hilo lishike. Waliotengeneza Python, lugha ya kuandikia programu, walitangaza mapema sana kwamba Python 2 itaachwa, toleo la 3 lilitoka 2008, mwisho wa la 2 ukapangwa 2015, mwaka 2014 wakausogeza mpaka 1 Januari 2020, na siku hiyo ilipofika bado kulikuwa na kampuni nyingi tu zipo palepale. Na hao ni watu wa programu, kazi yao ni hiyo. Sembuse mwenye duka la unga. Kwa iyo ukishatangaza fuatilia, wiki kwa wiki tazama nani bado, na ukumbushe wale ambao bado peke yao. Aliyekwisha kufanya akiendelea kupata meseji ya "tafadhali fanya" ataanza kukuona msumbufu, na siku nyengine hatofungua.

Jambo la akaunti za makeshia ndo lenye mengi, na nahisi hamjaliona lote. Nyinyi mwaona ni badiliko la kuingia tu, namba ya simu badala ya PIN. Keshia aona kitu chengine. PIN ilipokuwa moja, stoki ikipungua ilikuwa ni "duka limepungukiwa". Sasa kila mauzo yatakuwa na jina la mtu, na bosi akikaa nyumbani kwake Nyali atafungua simu aone nani alifuta bidhaa kwenye risiti saa ngapi. Hiyo si apdeti ya skrini, hapo nguvu zahama kutoka mkono mmoja kwenda mwengine, na mkinyamaza kuhusu hilo makeshia watalizungumza wenyewe kwa wenyewe na watalizungumza vibaya kuliko lilivyo. Utaona watu wakatae kujisajili, ama wajisajili mmoja kisha watumie wote akaunti yake, na hapo mumerudi mlipotoka.

Waambieni ukweli. Bosi ataona nini: mauzo, marejesho, kilichofutwa, na saa. Hatoona nini: meseji zako, simu unazopiga, mahali ulipo ukitoka kazini. Hakikisheni ni kweli kabla ya kuandika. Kisha semeni upande wa pili ambao nao ni kweli, kwamba zamani kikikosekana kitu mlikuwa mwashukiwa wote, sasa aliyekuwa hayupo zamu ana ushahidi kwamba hakuwepo. Kwenye makemisti pia kuna sababu nyengine nzito, mle ndani mna majina ya wagonjwa na dawa wanazotumia, na sheria yetu ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 haitazami kwa jicho zuri duka zima kuingia kwa PIN moja inayojulikana mpaka na aliyeacha kazi mwaka jana. Hii sababu mwenye kemisti ataielewa haraka, mwambie hivo hivo.

Hapo utaona pia kwamba bosi na keshia hawapati meseji moja. Imeili yenu ilienda kwa bosi, manake ndiye aliyetoa imeili siku ya kusaini. Bosi yuko Dubai anunua mzigo, ama anayo ile imeili lakini ina meseji elfu moja hajafungua, na anayebonyeza asubuhi ni kijana wa kaunta ambaye hajapata kuwa na imeili ya kazi. Mpe bosi habari za pesa, uamuzi na tarehe. Mpe keshia habari za mkono. Ukimtegemea bosi apeleke habari kaunta umepoteza nusu ya maduka.

Njia za kufikisha, nitakwambia ninavyoziona. SMS bado ndo yafika, hata kwa mtu bando limekwisha, lakini ina hesabu yake na wengi hawaijui. Meseji moja ni herufi 160 za kawaida. Ukitia emoji moja tu ya kutabasamu, ama ukakopi kutoka Word ukaja na zile alama za kunukuu zilizopinda, meseji nzima yageuka aina nyengine na nafasi yashuka hadi herufi 70, kwa iyo uliyodhani ni meseji moja yalipiwa kama tatu, mara maduka sitini, mara makeshia wote. Andika kwa alama za kawaida. Mfano huu hapa waingia ndani ya 160:

Kuanzia Jumanne tarehe 4 kila keshia ataingia kwa namba yake ya simu. PIN ya duka itafungwa. Jisajili kwenye simu ya duka kabla ya Jumamosi. Ukikwama tupigie.

Tazama haina "mpendwa mteja", haina "tunayo furaha". Tarehe iko mwanzo. Anayesoma mstari wa kwanza tu kwenye skrini iliyofungwa ashapata kilicho muhimu.

WhatsApp ni nzuri kwa picha na sauti, lakini ile orodha ya kutuma kwa wengi mara moja yafika tu kwa aliyesevu namba yenu, na usidhani keshia aliyeajiriwa wiki iliyopita amewasevu. Grupu la wateja mimi silipendi kwa matangazo. Mmoja akiuliza jambo lake meseji yako yapanda juu yapotea, na mmoja akiwa na hasira anawaambukiza wote. Sauti ya nusu dakika yafanya kazi sana huku kwetu, mtu asikiliza huku apanga katoni, ila sauti haishiki tarehe vizuri, mtu hawezi kuitafuta baadaye, kwa iyo kila sauti ifuatane na maandishi mafupi. Na picha ya skrini, ile mpya, na duara jekundu pale pa kubonyeza. Picha ya zamani na mpya zikikaa ubavuni ni bora zaidi kuliko aya tatu.

Tangazo la ndani ya programu yenyewe ndo lenye nguvu kuliko yote manake lamkuta mtu mahali penyewe, lakini liwekeni wakati mwafaka. Likitokea katikati ya kuuza atabonyeza "sawa" bila kusoma, mteja yuamsubiri. Liwekeni pale anapofunga hesabu za zamu, ama pale anapofungua asubuhi kabla ya mauzo ya kwanza. Na liwe na uwezo wa kurudi tena kulisoma, lisipotee milele.

Kuhusu kutokasirika. Kuna funzo kubwa la Januari 2021 pale WhatsApp ilipowaletea watu ujumbe wa masharti mapya, kubali kabla ya 8 Februari ama hutaweza kuendelea kuitumia. Badiliko lenyewe kwa sehemu kubwa lilihusu kuzungumza na biashara, meseji za mtu na mtu zilibaki siri yao wawili kama zilivyokuwa. Lakini ujumbe haukuliweka hilo wazi, watu wakafahamu kwamba sasa Facebook itasoma meseji zao, wakahamia Signal na Telegram kwa mamilioni, na kampuni ikalazimika kusogeza tarehe mpaka 15 Mei na kuanza kueleza upya. Kwa hivo kila mara ukiandika kitakachobadilika andika na kisichobadilika. Bei ni ile ile. Stoki yako yote ipo. Risiti za zamani zapatikana. Eti kwako waona ni wazi, kwa mwenye duka ambaye maisha yake yote yamo mle ndani si wazi hata kidogo, na hofu yake ya kwanza ukimwambia "sistimu itabadilika" ni kwamba madeni ya wateja wake yatapotea. Mtoe hofu hiyo kwenye sentensi ya pili.

Saa na siku nazo zina mambo. Seva zenu pengine zaandika saa za UTC, zile saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa masaa matatu, na nimeona kampuni zikatuma tangazo limetoka hivo hivo kwenye mashine, watu wajiandaa kwa saa nyengine kabisa. Kisha kuna hesabu zetu za saa. Ukiandika "saa 2" peke yake mmoja atafahamu asubuhi mwengine atafahamu usiku wa manane, kwa iyo andika "saa 8 usiku, 02:00 kwenye simu yako", haina utata. Siku usichague Ijumaa, mchana maduka mengi yafunga kwa swala na wikendi ndo hiyo mkiharibu hamna mtu. Usichague mwisho wa mwezi. Usichague siku za mwisho za Ramadhani watu wakinunua vitu vya Idi. Jumanne ama Jumatano baada ya maduka kufunga ni sawa, lakini kwa sharti moja: mkibadilisha usiku, asubuhi maduka yakifunguliwa nyote watatu muwe macho na simu mkononi, si kulala manake mlikesha.

Sasa wale wawili wa API. Hawa ni madevelopa wenzenu, hao waandikie kwa urefu na kwa undani wote, mfano wa ankara ya zamani na ya mpya, kila sehemu iliyobadilika jina, iliyoondoka, iliyoongezeka. Na msidhani kwamba kwa sababu sehemu fulani hamkuitaja kwenye maelezo yenu basi hakuna anayeitegemea. Kuna kauli yaitwa kwa jina la Hyrum Wright, alipokuwa mhandisi wa Google, kwamba watumiaji wakishakuwa wengi vya kutosha kila tabia ya sistimu yako inayoonekana kuna mtu ataitegemea, hata ile usiyoiahidi. Mpangilio wa sehemu, nafasi tupu mwisho wa jina, maneno ya meseji ya kosa. Kwa iyo wapeni mahali pa kujaribia na data za uongo wiki kadhaa kabla, waone wenyewe kinachovunjika.

Toleo jipya lipeni namba kubwa, yaani kama mlikuwa 1.8 nendeni 2.0, kwa madevelopa namba ya kwanza ikipanda ni ishara kwamba kitu cha zamani kitavunjika. Endesheni zote mbili pamoja kwa muda. Majibu ya API ya zamani yaweza kubeba kichwa (header) kiitwacho Sunset chenye tarehe ya kuzimwa, kilielezwa mwaka 2019 kwenye RFC 8594, moja ya hati za kiufundi za intaneti, na mashine yao yaweza kukisoma hata kama mtu hajasoma imeili. Na kuna mbinu ninayoipenda sana. GitHub, mtandao ambao madevelopa waweka kodi ya programu zao kwa kutumia chombo kiitwacho Git, walipotaka kuacha nywila kwenye kazi za Git walitangaza Desemba 2020 kwamba mwisho ni 13 Agosti 2021, na kabla ya siku hiyo wakawa wazima ile njia ya zamani kwa masaa machache tu kisha wairudisha. Aliyekuwa amesahau akagutuka kazi imekwama, akauliza, akapewa jibu, na bado alikuwa na siku za kurekebisha. Fanyeni hivo, mkishawaambia mapema siku na saa, na mchague saa ambayo maduka yao hayauzi sana. Lakini hiyo ni kwa madevelopa. Keshia usimzimie kitu kumjaribu.

Ukishaandika meseji zako usiitume kabla mtu wa nje ya timu hajaisoma. Chukua keshia mmoja unayemjua, mpe simu, na usimuulize "umefahamu?" Watu wetu wana adabu, atakwambia nimefahamu hata kama hajafahamu, hataki kukuvunja moyo. Muulize "sasa kesho utafanya nini?" kisha nyamaza umtazame. Akianza kubonyeza pahali sipo, meseji ndo imekosea, yeye hajakosea. Rekebisha, mtafute mwengine ambaye hajaiona, umuulize tena.

Siku yenyewe ikifika weka karatasi kando ya simu, kila swali liloulizwa liandike. Watu watano wakiuliza jambo moja, hilo ni sentensi iliyokosekana kwenye meseji yako, iandike hapo hapo utume kwa waliobaki. Na mambo yakiharibika, msinyamaze mkisubiri mpaka mjue sababu. Tuma: tumeona mauzo hayapiti kwenye maduka kadhaa, tunashughulikia, uza kwa daftari kwa sasa, saa 4 asubuhi tutakuambia tulipofika. Kisha saa 4 ikifika useme kweli, hata kama ni kusema bado. Mwenye duka aweza kuvumilia saa mbili za daftari, asichoweza kuvumilia ni kutojua atavumilia mpaka lini. Ikiwa kilichoharibika ni data za watu kuonekana na wasiofaa, hapo si suala la adabu tena, sheria yataka Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya masaa 72 tangu mjue, palipo na hatari ya kweli ya mtu kudhurika, na wenyewe wenye data pia waambiwe.

Lugha, andika Kiswahili, cha kawaida unachoongea nao kaunta, si cha ofisini. Vitufe uviite vile vilivyoandikwa kwenye skrini hata kama ni Kizungu, usivibadilishe jina kwenye meseji, mtu atatafuta kitufe ambacho hakipo. Kwa wale wawili wa API tumia lugha mnayoandikiana siku zote.

Na kuhusu radhi, ndiyo, waombe, lakini usianze nayo kwenye hii meseji ya tarehe na maagizo, itaisukuma tarehe chini. Wapigie mabosi kwanza, hata wale wawili waliohama wapigie, hao hasa, bila kuwaomba warudi. Sema kilichotokea kwa jina lake: tulibadilisha usiku, hatukuwaambia makeshia, asubuhi mkashindwa kuuza mpaka adhuhuri. Usiseme "usumbufu wowote uliojitokeza", walipoteza mauzo na wajua ni kiasi gani. Kisha mwambie safari hii atapata habari lini, kwa njia gani, na ni nani kati yenu watatu atakayeshika simu ya duka lake asubuhi hiyo, jina na namba.